Sura ya Nne: Bosi Anayeambiwa

Aliyepandishwa cheo juzi huwa na swali moja, hata kama analizungusha kwa aibu: nifanye nini ili niwe bosi mzuri? Aliye chini ya bosi mbaya huuliza lilelile kutoka upande wa pili: huyu ilikuwaje akapewa ofisi?

Majibu ya kawaida tunayajua. Ingia ofisi yoyote utayakuta yamebandikwa ukutani, jirani na kalenda ya benki: uadilifu, uwazi, ubunifu, ushirikiano, kumjali mteja. Hakuna anayebisha. Shida ni kwamba bosi mbaya naye anaweza kukaa chini ya karatasi hiyo miaka kumi asijione, kwa kuwa kila mtu hujihesabu kuwa mwadilifu na mwazi. Mtu akijipima mwenyewe hafeli.

Kwa hiyo sura hii inashika kipimo kimoja ambacho wengine wanaweza kukiona. Jambo likiharibika kazini, bosi anapata habari saa ngapi, na kutoka kwa nani? Kama anaambiwa saa ileile na mtu aliyelisababisha, hapo pana kiongozi. Kama anajua baada ya wiki mbili, tena kutoka kwa mteja au mkaguzi wa hesabu, basi hata awe na shahada ngapi, kuna kitu amekikosa. Upole, ukali, ujuzi na haki vyote vitapita kwenye kipimo hicho.

Friji ya chanjo

Tuchukue kituo cha afya cha kawaida wilayani. Kina chumba cha chanjo, na kwenye mlango wa friji kumebandikwa karatasi ya kurekodi joto. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Zikipata joto hupungua nguvu, na baadhi yake zikiganda ndiyo zimekwisha. Kwa hiyo muuguzi husoma kipimajoto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo, na kuandika namba aliyoiona.

Usiku mmoja umeme unakatika. Asubuhi kipimajoto kinasoma 14. Muuguzi anampigia mganga mfawidhi, yaani msimamizi mkuu wa kituo.

“Shikamoo daktari. Friji imezima usiku, nimeikuta nyuzi 14.”

“Marahaba. Nani alikuwa zamu jana?”

Swali hilo ni halali, na litafika wakati wa kulijibu. Lakini likitangulia, wauguzi wote wa kituo, hata wale waliokuwa likizo, wameshajifunza kitu. Msimamizi mwingine, kwa simu hiyohiyo, angesema hivi:

“Marahaba. Chanjo umeziweka wapi sasa?”

Wa kwanza anatafuta mtu, wa pili anatafuta chanjo. Kwa huyu wa pili kazi inaendelea: chanjo zinahamishiwa kwenye kasha lenye barafu, mratibu wa chanjo wa wilaya anapigiwa, kila kichupa kinakaguliwa kile kibandiko chake kinachobadilika rangi kadiri kinavyopata joto, na akina mama waliokwishakaa kwenye benchi na watoto wao wanaambiwa ukweli badala ya kuachwa wasubiri mpaka saa nane. Nani alisahau nini, hilo linazungumzwa mchana, watu wakiwa wametulia.

Kwa yule wa kwanza mambo hayaharibiki siku hiyo. Yanaharibika mwezi unaofuata, kimyakimya. Chukua karatasi ya joto ya kituo chake uisome: 5, 5, 5, 5, asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili, siku ya mgao wa umeme na siku ya mvua. Namba zimenyooka kuliko friji yoyote iliyowahi kutoka kiwandani. Msimamizi mzoefu akiletewa karatasi ya namna hiyo haipongezi. Anaomba afunguliwe friji.

Na hii si habari ya hospitali tu. Kila sehemu ya kazi ina karatasi yake ya 5, 5, 5: leja ya stoo isiyopungukiwa hata msumari, daftari la mahudhurio ambalo wote wamefika saa 1:30 kamili, ripoti ya robo mwaka ambayo kila shughuli “imetekelezwa kwa asilimia mia”.

Kwa ufupi: jibu lako la kwanza kwa habari mbaya ndilo linaloamua kama utaletewa ya pili.

Timu yenye makosa mengi

Miaka ya 1990 mtafiti wa Kimarekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitegemea kile ambacho mimi na wewe tungetegemea: wodi zinazoongozwa vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume. Wodi zenye uongozi bora na ushirikiano mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu.

Alipochimba zaidi, maelezo yaliyokubaliana na hali halisi yalikuwa haya: wodi hizo hazikukosea zaidi ya nyingine, zilisema zaidi. Kwingine makosa yalikuwepo ila yalifukiwa. Baadaye, mwaka 1999, Edmondson alieneza istilahi ambayo siku hizi utaisikia kwenye kila semina ya uongozi: usalama wa kisaikolojia. Maana yake ni hali ya mfanyakazi kuamini kwamba akisema “nimekosea”, “sijui” au “sikubaliani”, hatadhalilishwa wala kukomolewa. Haimaanishi kubembelezana. Hilo tutalifikia.

Mkurugenzi anayejivunia idara isiyo na lalamiko hata moja angefanya vizuri kujiuliza kama idara hiyo ina amani au ina hofu. Kwenye makaratasi mambo hayo mawili hufanana kabisa.

Sasa, kwetu jambo hili lina ugumu wake. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na hilo ni zuri. Lakini kijana wa miaka 24 hamwambii mzee wa miaka 55 kwamba hesabu yake ina kasoro. Anasema “sawa mzee”, halafu anakwenda kuwahadithia wenzake kantini. Tazama kundi la WhatsApp la ofisini: bosi akiandika jambo, hata liwe na kosa la wazi, zinafuata “imepokelewa mkuu” thelathini na kidole gumba kwa kila jina. Wasomaji wake wanajua kosa liko wapi. Wanalijadili kwenye kundi la pili, ambalo yeye hayumo.

Na asidhani mtu kwamba wafanyakazi wetu ni wanyamavu kwa asili. Februari 1971 TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na unyanyasaji. Wafanyakazi viwandani Dar es Salaam walikisoma vizuri kuliko waandishi wake walivyotegemea. Migomo ikafuatana, na baadhi ya mameneja walifika asubuhi wakakuta wafanyakazi wamewafungia nje ya geti. Mengi ya malalamiko yao yalihusu namna walivyosemeshwa kazini, matusi na dharau, kuliko mshahara. Maneno hayo yalikuwepo siku zote. Ila hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Basi aanze mkubwa. Ukiuliza “mambo yanaendaje?” utajibiwa “salama mkuu”, kwa sababu hiyo ni salamu, na salamu ina jibu lake tayari. Uliza maswali ambayo hayana jibu la adabu lililoandaliwa:

- Wiki hii kitu gani kimekuchelewesha?
- Kama kazi hii itakwama, itakwamia wapi?
- Mteja wa mwisho aliyeondoka hapa amekasirika alikuwa na hoja gani?
- Katika maagizo niliyotoa mwezi huu, lipi halitekelezeki?

Swali la nne ni gumu kuliuliza, na gumu zaidi kulisikiliza. Siku ya kwanza watakutazama tu. Siku mtu atakapothubutu kulijibu, wote watakuwa wanakuangalia usoni.

Simu ya Januari 1986

Kuambiwa peke yake hakutoshi. Jioni ya Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger, walikuwa kwenye simu ya pamoja na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani. Chombo kilipangwa kuruka kesho yake kutoka Florida, na utabiri ulionyesha baridi isiyo ya kawaida kwa jimbo hilo. Viungo vya roketi hizo vilizibwa kwa pete za mpira, na mpira ukipigwa na baridi hukakamaa. Wahandisi walisema waziwazi: chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, tusirushe.

Habari mbaya, basi, ilifika. Ilifika kwa wakati, kwa watu wanaohusika, ikiwa na michoro na namba. Lakini safari ilikuwa imekwisha kuahirishwa na hakuna aliyetaka kuahirisha tena. Swali likageuzwa. Badala ya kudai uthibitisho kwamba chombo kiko salama, wakubwa walidai uthibitisho kwamba kitaharibika, na uthibitisho wa namna hiyo haukuwepo. Mameneja wa Thiokol wakaomba dakika za kushauriana, mameneja wanne wakaamua wao kwa wao huku wahandisi wakiwa wamewekwa kando, kisha wakarudi kwenye simu na kuruhusu. Asubuhi yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Wote 7 waliokuwemo walikufa.

Wahandisi hawakukosa ujasiri usiku ule. Kilichokosekana ni bosi mmoja mwenye uwezo wa kusikia habari inayomharibia ratiba na kuiacha imharibie. Wengi wetu tuko tayari kuambiwa mabaya yasiyotugharimu. Mhasibu akisema bajeti ya semina imezidi, tunamsikiliza. Akisema imezidi siku ambayo mgeni rasmi ameshathibitisha na mahema yameshafungwa, tunamwona mchawi.

Ukitaka kujua kama umeanza kugeuza swali, jisikilize unavyoongea. Ukisema “una uhakika gani kwamba itaharibika?”, umeshampa anayeonya mzigo ambao ulikuwa wako.

Wafanyakazi walewale

Mfano unaofuata una mwisho mzuri zaidi. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari huko Fremont, California, kilichojulikana kwa sifa mbaya: utoro, ulevi kazini, migomo, magari yenye kasoro. Mwaka 1982 ikakifunga. Wakubwa walikuwa na maelezo yao, nayo yalikuwa mafupi: wafanyakazi wa pale hawafai.

Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Baadhi wakapelekwa Japani kujifunza. Muda si mrefu magari ya Fremont yakawa yanalinganishwa kwa ubora na yale yaliyotengenezwa Japani kwenyewe, na utoro ukashuka sana.

Mabadiliko yalikuwa mengi, lakini moja linatuhusu hapa. Magari huunganishwa yakiwa kwenye mkanda unaotembea, kila mfanyakazi akifunga kipande chake gari likipita mbele yake. Chini ya utawala wa zamani mkanda haukuruhusiwa kusimama. Gari likiwa na kasoro liliendelea, litarekebishwa mwishoni, au halitarekebishwa. Toyota walipitisha kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi. Yeyote akiona tatizo, anavuta. Kiongozi wa timu anakuja, na wasipolimaliza kwa muda mfupi, mkanda unasimama, kiwanda kikisubiri. Na huyo kiongozi wa timu alifundishwa afike akiuliza namna ya kusaidia.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyefunga boliti miaka kumi na mitano bila kuulizwa neno. Ndiye mwenye mamlaka ya kusimamisha kiwanda.

Kamba inaweza kuwekwa popote. Dereva wa basi anayeruhusiwa kukataa kuondoka stendi na tairi bovu bila kukatwa posho anayo. Mwalimu wa zamu anayeweza kufunga jiko la shule kwa sababu maharage yananuka anayo. Keshia anayeweza kumwambia mwenye duka “mzigo huu risiti zake sizielewi, sipokei” anayo pia. Ukitaka kuipima ya kwako, tazama kilichompata mtu wa mwisho aliyeivuta.

Mbona fundi bora ndiye aliyegeuka bosi mbovu?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi aliyegeuka ni rafiki. Mwaka 1969 Laurence Peter, Mkanada, alitoa kitabu cha utani kilichobeba ukweli mzito: mtu hupandishwa cheo kwa sababu anaiweza kazi aliyonayo, mpaka afikishwe kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo anapobaki. Muuguzi hodari anafanywa msimamizi wa wauguzi. Muuzaji aliyevunja rekodi anapewa timu ya mauzo. Hakuna aliyeuliza kama kazi mpya ina uhusiano na ile ya zamani.

Naongeza kitu kimoja kwa Peter. Fundi bora amepanda kwa kuwa na majibu. Miaka yote aliulizwa, akajibu, akasifiwa. Sasa kazi yake ni kupokea majibu ya wengine, mengine mabaya kuliko ambayo angeyatoa mwenyewe, na baadhi yakimwonyesha kwamba yeye ndiye aliyekosea. Anayaona kama dharau. Ndiyo maana utamkuta mkuu mpya wa karakana ameingia chini ya gari, mafuta mpaka viwikoni, huku vijana watatu wamesimama wanamwangalia. Anajisikia vizuri huko chini, ndiko anakokujua.

Google, kampuni iliyojaa watu wanaoamini kwamba mwenye akili zaidi ndiye aongoze, ilichambua takwimu za mameneja wake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 ili kujua wazuri wanatofautianaje na wabaya. Zilitoka sifa 8. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, lakini wa mwisho kwa uzito. Juu kabisa palikuwa na uwezo wa kumlea mfanyakazi akue kazini.

Ukweli ushuke pia

Mpaka hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba bosi mzuri ni mtu mpole anayesikiliza. La. Namjua vizuri bosi mpole, na nyinyi mnamjua: hapandishi sauti, anachangia kila msiba, na kwa miaka mitatu ameshindwa kumwambia karani mmoja kwamba kuchelewa kwake kunawaumiza wengine. Kazi ya karani inabebwa na wawili wenye bidii. Mmoja wao akipata nafasi kwingine anaondoka, na kwenye sherehe ya kumuaga bosi anashangaa kwa dhati.

Kumwambia mtu ukweli mapema, faraghani, kwa kutaja tendo badala ya tabia, ni sehemu ya heshima. “Jumatatu na Jumatano umefika saa 3, na Jumatano foleni ilifika barabarani” inaweza kufanyiwa kazi. “Wewe ni mvivu” haiwezi.

Jambo likiwa kubwa zaidi, sheria imeshaweka utaratibu, na mabosi wengi huuona kama usumbufu wa mawakili. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayeachishwa kazi aachishwe kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki. Kanuni zilizofuata mwaka 2007 zinasema mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48, na awe na haki ya kusindikizwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, mbele ya mwenzake, na kusikiliza utetezi kabla ya kuamua. Kwa Tanzania Bara, anayefukuza watu kwenye korido kwa kusema “kesho usije” hujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo hasara yake huwa kubwa.

Lakini hasara kubwa zaidi haifiki kwenye Tume. Walioshuhudia ile korido ndio hao walioshika karatasi za joto. Wamejua kwamba hapa mtu haulizwi kabla ya kuhukumiwa, na kuanzia hapo kila friji itasoma 5.

Kwa ufupi: haki wakati wa adhabu ndiyo inayowafanya watu waseme kabla mambo hayajafikia adhabu.

Bosi naye ana bosi

Wasimamizi wengi wako katikati. Habari mbaya inapowafikia kutoka chini, wanatakiwa waipandishe juu, na hapo ndipo mabega yanapopimwa. Wapo wanaoipandisha ikiwa na jina la mdogo wao. “Mkuu, vijana wangu wameniangusha.” Sifa ikija, vijana hao hawatajwi.

Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi wa Tanzania. Katika operesheni ya kupambana na mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina huko Shinyanga na Mwanza, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumgusa mtu wala hakuamuru mateso hayo. Alijiuzulu, kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais.

Simtaji kwa ajili ya ule urais. Wengi wamebeba lawama za watu wao na hawakulipwa kitu. Namtaja kwa sababu ya hesabu aliyoifanya, ambayo bosi wa ngazi yoyote anaweza kuifanya kwenye kikao cha Jumatatu: kosa la idara litamkwe kwa jina langu, mafanikio yatamkwe kwa majina yao. Walio chini husikia mambo haya hata kama hawakuwemo kikaoni. Katibu muhtasi husikia, dereva husikia, na kufika saa kumi jioni ofisi nzima inajua bosi alisema nini.

Kama una watu chini yako, hata wawili, kesho asubuhi kabla hujafungua kompyuta mfuate aliye wa chini kabisa, pale anapofanyia kazi, usimwite ofisini kwako. Mwulize kitu gani hapa kinakwenda kombo ambacho wewe hujaambiwa. Pengine atasema hakuna, bosi, mambo ni mazuri. Mshukuru, na wiki ijayo umwulize tena.